Ng'ombe wa Sita

Kwa aliyekosa gazeti la wiki jana, hebu nikushike mkono tuvuke pamoja.

Mimi ni Emmaculate wa Rangwe, Homa Bay, jina nililobatizwa nalo na ambalo sijalitendea haki hata siku moja. Nimeitwa chuo kikuu kule Kanada kusomea kazi ya maabara, miaka miwili, karo juu ya wafadhili. Kilichobaki ni viza, na viza yenyewe ilibakiza jambo moja tu: Ijumaa saa tatu asubuhi nifike Nairobi na pasipoti yangu na vidole vyangu kumi, vichukuliwe alama. Nikikosa siku hiyo, masomo yanaanza bila mimi na nafasi yangu anapewa mwingine. Ile barua niliisoma mpaka nikaijua kama Baba Yetu.

Wiki jana mliniacha Migori mjini, katika duka la kompyuta la rafiki yangu Sumayya, mbele ya fomu. Tulifika kwenye swali la ndoa. Sumayya akaniuliza, "Hapa niweke nini?" Nikamwambia aweke sijaolewa.

Na huku kwetu Rangwe, ndani ya boma la marehemu baba, kwa nilivyojua, ng'ombe sita wa Ken walikuwa wanacheua.

Mjaluo yeyote anayesoma hapa ameshashika kichwa. Wewe wa mbali nikueleze. Kwetu pete ni pambo na cheti ni karatasi, ila ng'ombe wakishaingia kwa baba yako, wewe ni mke wa watu. Ukitaka kuacha kuwa mke, warudi wote. Akibaki hata mmoja, kamba bado iko shingoni, na shingo ni yako.

Nilibonyeza kile kitufe nikadhani kompyuta ina nguvu kuliko ng'ombe.

Jumanne, saa nne asubuhi. Sumayya alikuwa anamimina chai kutoka kwenye chupa, mimi nachapisha barua ya Nairobi. Mlango ukapigwa teke.

Ken. Mnaomkumbuka kama yule kijana mpole wa spea za pikipiki aliyekuwa akiniletea mapapai, msahauni. Mkononi alikuwa na spana ya magurudumu, na nyuma yake alisimama Bravin, fundi wake. Nilipomwona Bravin nikajua habari zilikotoka. Jana yake alikuja kupigwa picha ya pasipoti, akakaa kwenye kiti cha nyuma yangu, macho kwenye skrini.

"Nyar Rangwe," Ken akasema. Ndivyo walivyoniita kwao, binti wa Rangwe, jina la mke aliyeletwa. "Nasikia uko single."

"Ken, twende tuongee nje."

"Nje ya nini? Si uliongea na kompyuta? Sasa ngoja na mimi niongee na yeye."

Akaipiga ile skrini kwa spana. Kioo kikaruka mpaka kwenye chai.

"We mwanamume!" Sumayya akapiga kelele. "Hiyo ni mali ya baba yangu!"

Ken hakumsikia. Alinishika nywele akanizaba kofi la kwanza, na kabla sijaamua kulia akanizaba la pili. Nilionja damu. Nilikuwa sijawahi kupigwa na mwanamume, na ninawaambieni ukweli, kilichonijia kwanza haikuwa maumivu. Ilikuwa aibu, kwa sababu nilijua ana haki ya kulalamika.

"Ng'ombe sita ziko kwenu zinakula nyasi," akasema, mate yakinirukia usoni, "na wewe unaambia wazungu hujaolewa. Futa! Andika married. Andika jina yangu hapo. Ulisema tutaenda wote!"

Hapo ndipo penye dhambi yangu, wasomaji. Wiki nne nimewasimulia habari za Ken kana kwamba ng'ombe wake walianguka tu kutoka mbinguni. Nilificha kitu. Mimi ndiye niliyemwambia tutaenda wote. Ilikuwa Januari, kwenye benchi la duka lake, nikamwambia mke akisoma kule mume anaruhusiwa kufuatana naye na kufanya kazi. Akauza pikipiki yake mwenyewe akanunua ng'ombe watano, na wa sita akapewa na mama yake. Nilivaa gauni la bluu, nikapokea wageni wao, nikala nyama yao. Kisha barua ya ufadhili ikaja, nikaona naweza kwenda peke yangu, na Ken akaanza kuninukia vibaya, mafuta ya injini.

Nilipaswa kusema haya mapema. Sikusema. Sasa ameyasema yeye kwa spana.

Alipoinua mkono mara ya tatu, Sumayya alimmwagia ile chai yote kifuani. Ken alipiga yowe, akayumba, spana ikashuka kwenye mashine ya kunakili ikapasuka kifuniko. Bravin akamrukia Sumayya, Sumayya akamng'ata mkono. Watu walikuwa wameshajaa mlangoni, hakuna aliyeingia. Kuangalia ugomvi hakulipiwi.

Pasipoti yangu ilikuwa juu ya meza. Ken aliiona nilipoiangalia. Akaichukua, akaitia kwenye mfuko wa shati lililolowa chai.

"Alhamisi asubuhi," akasema akihema. "Leteni ng'ombe yangu yote sita kwa mama yangu, mbele ya watu, nikupatie hii kitabu uende na hiyo single yako. Ikikosa moja, wewe ni bibi yangu na utaandika jina yangu. Na usijaribu polisi. Nitawaambia tu ukweli, na ukweli ni mbaya kwako."

Nilifika Rangwe alasiri, mdomo umevimba kama andazi.

Mama yangu, Truphena, hakuuliza nani. Mama huuliza maswali ambayo hajui majibu yake tu. Alichemsha maji akanikanda, akasema, "Nilikwambia. Ng'ombe ya watu si umbwa, huwezi fukuza na mdomo."

"Mama, warudishwe kesho. Wesley atafute lori la kanta."

Ndugu yangu Wesley, kitinda mimba wa nyumba yetu na ndiye mwanamume pekee aliyebaki tangu baba afariki, alikuwa mlangoni anasikiliza. Akageuka akaenda nyuma ya jiko. Mtu asiye na kosa haendi nyuma ya jiko.

Nikaenda bomani nikahesabu. Mweusi, mweusi, mwenye madoa, mweupe, ndama jike. Nikahesabu tena. Ng'ombe hawazaliani kwa kuhesabiwa.

"Wesley! Silwal yuko wapi?"

Silwal ni jina tunalompa ng'ombe wa rangi ya udongo mwekundu. Huyu alikuwa mkubwa kuliko wote, pembe moja imepinda kuelekea jicho.

"Alienda malisho."

"Peke yake?"

Akaanza kuchokonoa udongo kwa kidole cha mguu.

"Wesley, ile pesa ya viza ulinipa, ulisema ni ya nyanya."

"Nyanya zilioza," akasema. "Nyaminwa, ulikuwa unalia kila siku. Nilimpeleka Oyugis. Nilijua utabaki tu kwa Ken, nani angehesabu?"

Nyaminwa, dada yangu. Aliniita hivyo kwa upole, na mimi nikaokota ndoo ya bati nikampiga nayo usoni. Alianguka kwenye samadi. Akainuka, akanishika koo, tukabiringishana mbele ya ng'ombe watano waliokuwa wakitutazama kama wazee wa baraza. Mama alitutenganisha kwa mchi. Mimi ulinipata begani, Wesley ukampata mgongoni.

"Maliza kuuana," Mama akasema, "halafu muende mtafute ng'ombe."

Na hili nalo naliungama. Wesley aliponiletea zile pesa, mikono yake ilinuka ng'ombe. Sikuuliza. Ukiwa na shida, pua huziba yenyewe.

Kwa hiyo hesabuni wenyewe. Ile fomu iliyosema sijaolewa ililipiwa na ng'ombe aliyeniozesha.

Jumatano tulikuwa Oyugis kabla soko halijachangamka. Aliyemnunua Silwal alikuwa Mokaya, mwenye bucha, mwanamume mnene mwenye kicheko chepesi. Wesley alimsalimia kwa adabu zote.

"Yule mwekundu wa pembe iliyopinda?" Mokaya akafuta kisu kwenye aproni. "Yule alikuwa mtamu, bwana. Jumamosi watu walipanga laini."

Akatuonyesha nyuma ya bucha. Ngozi ilikuwa imetandazwa juani na vigingi, na kichwa kilikuwa kwenye karai, ile pembe bado imeelekea jicho. Wesley alitapika. Mimi nilibaki nikikitazama kile kichwa, nikajiona nimelala pale karaini.

"Sasa mnalia nini?" Mokaya akauliza. "Ng'ombe ni ng'ombe, dada. Mimi niko na mwekundu mwingine hapa, alikuja jana kutoka Kisii. Ukimwangalia haraka ni yeye."

Mchukueni, akasema, na badala ya pesa Wesley akamwachia mavuno ya viazi ya msimu mzima. Pembe za huyu ng'ombe zilikuwa zimenyooka. Mokaya, kwa moyo wake mwema, akaleta msumeno akakata ncha ya moja.

"Sema alivunjika akipigana," akashauri.

Njia ya mwongo ni fupi. Yetu ilikuwa kutoka Oyugis, kupitia Rangwe kuwachukua wale watano, mpaka nje kidogo ya Migori.

Alhamisi saa mbili asubuhi kanta iliingia kwa kina Ken. Mama tulikuwa tumemwacha mjini kwa Sumayya, kwani mkwe haendi kwa mkwe bila kuitwa, hata siku ya vita. Tulikuwa mimi, Wesley, dereva, na ng'ombe sita.

Watu walishakusanyika kama kwenye mazishi. Chifu alikuwa ameitwa awe shahidi, amekaa kwenye kiti cha plastiki, kofia gotini. Ken alisimama karibu na ghala, kifua kimefungwa bendeji juu ya yale malengelenge ya chai. Pasipoti ilichungulia kwenye mfuko wa shati. Nilitazama pale mfukoni kuliko nilivyomtazama yeye.

Wesley aliwateremsha. Mweusi. Mweusi. Madoa. Mweupe. Ndama. Mwekundu.

"Sita," Chifu akasema. "Mimi naona sita. Ken, wewe je?"

Ken alitazama. Nikamwona anatikisa kichwa kukubali. Mkono wake ukaanza kwenda mfukoni. Wasomaji wangu, ule mkono ulipanda polepole, na mimi nikaanza kushukuru Mungu mapema, kitu ambacho Mama alinikataza tangu utotoni.

"Ngojeni kidogo," sauti ikasema.

Mama yake Ken alitoka jikoni akijifuta mikono kwa leso. Mjane mwembamba, hajawahi kunitukana hata siku moja. Ndiye aliyemlea Silwal tangu ndama. Alimkamua miaka mitatu kabla ya kutupa sisi.

Hakuja karibu. Alisimama pale mlangoni akaita, kwa sauti ile ile mtu anayomwitia mtoto aje ale.

"Silwal! Silwal nyar mama!"

Ng'ombe aligeuza mkia, akakojoa, akaendelea kula majani ya mhogo.

Akaita tena. Hakugeuka.

Yule mama akaangalia ile pembe, pale palipokatwa, na macho yake yakajaa. "Mmekula mtoto wangu," akasema. "Mmekula, halafu mnaniletea mgeni mmemkata pembe. Emma, nilikukosea nini?"

Niliitazama ile ncha ya pembe iliyokatwa.

"Bahati mbaya, mama," Wesley akaanza, "alivunjika akipiga..."

Hakumaliza. Ken alimpiga rungu kwenye mkono wa kushoto, nikasikia mfupa ukivunjika. Wesley aliinama akapiga kelele, kisha mkono wake mzima ukashika kigingi cha kufungia ng'ombe na kumpasua Ken kichwa. Damu ilimshuka Ken mpaka kwenye kidevu. Bravin akaja na panga.

Dereva wa kanta alifunga mlango wake, akafunga na kioo.

Nilimwona Bravin anainua panga juu ya shingo ya ndugu yangu. Hakukuwa na kufikiri. Ningefikiri, ningekumbuka Ijumaa, ningekumbuka Nairobi. Nilirusha mkono wangu wa kulia na kulishika lile panga kwenye makali.

Halikuuma. Lilikuwa baridi. Bravin alilivuta kwake na ndipo nikaona vidole vyangu vinne vimefunguka kama midomo.

"Uwi! Uwi!" wanawake wakapiga mayowe. Bravin alitazama alichofanya, akalitupa panga, akatimua mbio kuelekea kwenye miwa. Ken na Wesley walikuwa chini wanabiringika, na katika kubiringika ule mfuko wa shati ukachanika.

Pasipoti ilianguka kwenye kinyesi cha ng'ombe asiye Silwal.

Niliiwekea goti. Halafu nikaiokota kwa mkono wa kushoto, nikaifuta kwenye sketi, nikaitia kifuani. Ndugu yangu alikuwa anauawa hatua tatu kutoka kwangu, na mimi niliokota pasipoti kwanza. Andikeni hiyo nayo.

Hospitalini mjini, saa saba na nusu, baada ya Chifu na majirani kuwatenganisha wale wawili na kanta kutuleta. Muuguzi anaitwa Bochaberi, mwanamke mkali mwenye mikono myepesi. Alinishona nyuzi kumi na tisa.

"Unafanya kazi gani?" akaniuliza.

"Kesho natakiwa kuchukuliwa alama za vidole Nairobi."

Alisimama na sindano hewani. "Hivi?"

Sumayya alikuwa ameshafika na Mama. Akasoma kwenye simu yake. "Hapa wanasema ukiwa na jeraha uje na barua ya daktari. Wataamua wao palepale, kama watachukua vilivyo vizima. Emma, vya kushoto ni vizima. Usiviguse na kitu chochote, wallahi. Tikiti nimekata. Basi ni saa tisa kamili, na stendi ni hapo mbele tu."

Bochaberi alitoka, akarudi na barua yenye sahihi na muhuri. Sikuwa na la kumpa isipokuwa machozi.

Kitanda cha pili alikuwa Wesley, mkono umefungwa gango, na ule mwingine umefungwa pingu kwenye chuma cha kitanda. Polisi aliyekaa mlangoni alitueleza bila hasira. Ken ndiye aliyefika kituoni kwanza, na kwetu anayefika kwanza ndiye anayehesabiwa kuwa ameonewa.

Saa nane na dakika kumi Ken mwenyewe akaingia. Kichwa kimezungushwa bendeji, damu imekauka shingoni. Nyuma yake Chifu, na mkononi mwa Ken karatasi na kile kidude cha wino cha kugongea muhuri.

"Hii inasema wewe ni bibi yangu," akasema. "Huwezi kuandika na hiyo mkono, kwa hivyo weka dole. Kushoto. Ukiweka, naenda saa hii natoa kesi ya Wesley. Ukikataa, analala ndani, na wewe kesho ukiwa Nairobi nitawatumia hao watu wako picha za ile gauni ya bluu."

Hakuwa anafurahi. "Emma, niliuza pikipiki yangu," akasema polepole. "Sasa natembea na miguu."

Nilimwonea huruma. Nilimchukia pia. Vyote viwili vilikaa kwenye moyo mmoja bila kusukumana.

"Usiweke!" Wesley akapiga kelele, pingu ikigonga chuma. "Nyaminwa, usiweke, mimi nitakaa ndani!"

Nilikitazama kidole gumba changu cha kushoto. Kati ya vyote nilivyozaliwa navyo, hicho ndicho kila mtu alichokitaka.

Nikakinyoosha.

Ndipo Mama akainuka.

Alikuwa kwenye benchi kule pembeni, ameufunika uso kwa leso tangu Ken aingie, kama inavyompasa mwanamke mbele ya mume wa binti yake. Akaiondoa leso. Akaja akasimama katikati ya Ken na kitanda changu, kifua chake karibu kugusa bendeji ya Ken.

Ken akaruka nyuma kama aliyekanyaga kaa la moto. Kwetu mwanamume hamkaribii mama mkwe wake, hamgusi, hampiti mbele. Anayemgusa amejilaani yeye na watoto watakaozaliwa.

"Mama, toka hapo tafadhali," Ken akasema, macho sakafuni.

"Nani mama?"

"Mama, nakuheshimu."

"Chifu yuko hapa," Mama akasema. Hakupaza sauti. "Wewe unasema huyu ni bibi yako. Sawa. Basi mimi ni mama mkwe yako, huwezi kunigusa, na mimi sitoki hapa mpaka basi iende. Na kama mimi si mama mkwe yako, nisukume. Nisukume, watu waone."

Sijawahi kumpenda mama yangu kama dakika ile.

Ken alikwenda kushoto, Mama akaenda kushoto. Akaenda kulia, Mama akaenda kulia. Mgonjwa mmoja akacheka. Kile kicheko ndicho kilichotuharibia. Ken alikuwa ameuza pikipiki, amemwagiwa chai, amepasuliwa kichwa, na sasa alikuwa anachekwa.

"Toka!" akanguruma, na mikono yake miwili ikampata Mama mabegani.

Mama alikwenda kinyumenyume. Kisogo chake kiligonga pembe ya chuma ya kitanda cha Wesley, sauti ndogo tu, kama mtu anagonga mlango kwa adabu. Kisha akakaa sakafuni. Kisha akalala.

"Yawa!" watu wakapiga ukelele.

Ken alitazama mikono yake. Uso wake ukawa wa mtoto. Chifu akachukua ile karatasi mkononi mwake, akaichana mara mbili, akakifunga kile kidude cha wino.

"Kijana," akasema, "umesukuma mama ya bibi mbele yangu. Hiyo hata ng'ombe mia haitengenezi. Hapa hakuna ndoa tena. Afande, mshike huyu."

Polisi akamshika. Ken hakupigana.

Nilikuwa nimeshinda. Kwa mara ya kwanza ile fomu yangu ilikuwa inasema kweli, na aliyeifanya iseme kweli alikuwa amelala sakafuni, damu nyembamba ikimtoka sikioni.

"Mama! Mama!" Wesley alikuwa anavuta kitanda kizima kwa pingu.

Nilipiga magoti. Bochaberi alishafika, tochi machoni mwa Mama, akiita watu walete machela. Mama hakufumbua macho, ila mkono wake ulipapasa sakafu mpaka ukaupata wangu. Wa kushoto. Akavikamata vidole vyangu vitano, vile vizima, akavikaza.

"Huyu anapelekwa Kisii sasa hivi," Bochaberi akasema. "Nani anakwenda naye? Huyu ndugu amefungwa. Wewe ndiye uko."

Sumayya alisimama nyuma yangu na mkoba wangu begani mwake na simu sikioni. Alikuwa analia. "Emma," akasema, "ni saa tisa kasoro kumi. Wanasema hawangoji mtu."

Wasomaji, mmenihukumu wiki nne na mmekuwa sahihi wiki nne. Nihukumuni na hii.

Nilianza kuvifungua vidole vya mama yangu, kimoja kimoja, kwa gumba la mkono wangu ulioshonwa. Kidogo cha mwisho kilitoka bila shida. Kinachofuata kikatoka. Cha katikati kilikuwa kigumu, nikakivuta.

Nilipofika kwenye cha shahada, Mama akafumbua macho, akanitazama.